Kumrudisha chuoni mwanafunzi aliyeumia ubongo: barua ya daktari kwanza

Kijana niliyemsaidia muhula huu alianguka na bodaboda kwenye barabara ya Kisumu kuelekea Busia. Kidonda kimepona, anatembea na kuongea vizuri, kwa hiyo kila mtu anamwona mzima. Lakini akikaa ukumbini nusu saa kichwa kinamgonga, na alichosoma asubuhi, jioni hakikumbuki. Kama una mtoto au mwanafunzi wa namna hii, fuata hivi.

Hatua ya 1. Aombe kwa maandishi apunguziwe masomo muhula wa kwanza wa kurudi.

Hatua ya 2. Barua ya daktari. Hapa ndipo wengi hukwama. Barua inayosema tu "aliumia kichwa, apumzishwe" haimfai, maana ofisi ya mitihani haitajua ifanye nini. Iseme jeraha linamzuia kufanya nini, kisha anahitaji nini: akili huchoka upesi, kwa hiyo apewe muda wa ziada na mapumziko katikati ya mtihani; kelele na mwanga mkali humuumiza kichwa, kwa hiyo afanyie mtihani chumba kitulivu; husahau, kwa hiyo aruhusiwe kurekodi mihadhara. Wiki moja kabla ya kliniki, aandike kila siku amesoma kwa muda gani, kichwa kilianza kuuma saa ngapi, amesahau nini. Daktari wa zamu huenda hajawahi kumwona, na foleni ni ndefu, kwa hiyo karatasi hizo, pamoja na ile aliyopewa alipotoka wodini, ndizo zitakazomsemea. Usimwache aende peke yake: akiulizwa "unaendeleaje?" atajibu "niko sawa", na barua itaandikwa hivyo. Hospitali ikiwa na mtaalamu wa tiba ya kazi, yaani anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, mwombeni ampime kumbukumbu na umakini. Mimi huitegemea sana ripoti yake kwa sababu hueleza shughuli za kila siku. Msiondoke kabla ya kuona tarehe, sahihi na muhuri.

Hatua ya 3. Barua ifike kwa mkuu wa wanafunzi na kwa idara kabla ratiba ya mitihani haijatoka. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, inayomtambulisha mtu kuwa ana ulemavu, iombeni pia, ila msiisubiri. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu, wala haikutaja kadi.

Hatua ya 4. Daftari moja la kurasa 96, liwe mfukoni au begini daima: ratiba, ahadi, alichoambiwa. Wengi hupendekeza programu za simu. Mimi sizitaki kwa mtu ambaye mwanga wa kioo unamuumiza macho.

Hatua ya 5. Mwenzake wa chumbani ajue dalili za hatari: maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, degedege, usingizi usio wa kawaida, kuongea ovyo. Ikitokea hata moja, apelekwe hospitali usiku huohuo, hata kama kesho kuna mtihani.