Somo: Kikwazo na Dau katika Kumkuza Mhusika

Nimechoka kuulizwa kwa nini mhusika fulani hana uhai ilhali amekwisha kuchomewa nyumba, kufiwa na kufukuzwa kazi; jibu langu ni hili, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1: Amua mhusika anataka nini.

Hatua ya 2: Amua atapoteza nini akikikosa, hilo ndilo dau lake.

Hatua ya 3: Weka kikwazo kinachomlazimisha kuchagua. Hapa ndipo nilipoboronga. Katika mswada wangu wa kwanza nilimrundikia fundi cherehani mafuriko, wizi na homa ndani ya sura tatu, naye akaibuka yuleyule, kwa kuwa hakutakiwa kuamua lolote, bali kuvumilia tu. Nilipoandika upya nilibakiza jambo moja: cherehani ya marehemu mama yake, aliyoapa kutoiuza, na mdogo wake anayehitaji fedha za matibabu. Alipomwambia mnunuzi arudi kesho, kisha akakesha akiitia mafuta cherehani ile, ndipo nilipomjua. Tahadhari: msomaji auone uzito wa cherehani kabla mnunuzi hajabisha hodi, la sivyo kiapo kitaonekana kisingizio. Wala usimwokoe kwa sadfa. Mjomba tajiri akijitokeza ukurasa unaofuata, dau limekufa.

Hatua ya 4: Uamuzi wake umgharimu katika sura zinazofuata.

MASWALI

Swali: Je, ni lazima dau liwe kifo?
Jibu: Cherehani haifi. Rudi hatua ya 3.

Swali: Nimeweka vikwazo tisa, mbona hadithi bado imepoa?
Jibu: Sikutaja idadi mahali popote. Vingapi kati ya hivyo vinamtaka achague?

Swali: Mhusika wangu ni mkaidi, habadiliki hadi mwisho. Je, nimekosea?
Jibu: Hujakosea, na nashukuru umeuliza. Kukataa kubadilika nako ni kuchagua, ila bei yake lazima ipande: mara ya kwanza ukaidi umpotezee mteja, mara ya pili rafiki, mara ya tatu mtoto aache kumsalimu. Mpe pia mpinzani dau lake, ili ukaidi ugongane na haja ya kweli badala ya ubaya mtupu.

Swali: Mimi humwandikia mpinzani ukurasa mmoja akijitetea kwa nafsi ya kwanza, kisha siutumii. Inafaa?
Jibu: Inafaa sana, nami nitaijaribu kwa yule mnunuzi wa cherehani, ambaye hadi leo sijui aliitakia nini.