Somo: Jinsi ya kutafuta na kusoma rejista ya wahalifu wa makosa ya ngono mkiwa Minnesota

Kila familia mpya ya wenzetu inapohamia Minneapolis, Brooklyn Park au Rochester, swali ni lilelile: "Nimetafuta kwenye ramani ya rejista, hakuna kitu; je, mtaa huu ni salama kwa watoto?" Nimelijibu kwa simu, kwa ujumbe na mlangoni pa kanisa, na kila mara nalazimika kuanza upya. Leo naliandika lote, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu bila hiyo hatua ya nne haitaeleweka. Tarehe 22 Oktoba 1989 mtoto wa miaka 11, Jacob Wetterling, alitekwa karibu na kwao mjini St. Joseph, hapahapa Minnesota, na mama yake, Patty, akawa mstari wa mbele kudai polisi wawe na orodha ya watu waliokwisha kuhukumiwa kwa makosa ya namna hiyo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 iliyobeba jina la Jacob iliyataka majimbo yote yaweke rejista, na jimbo lililokaidi lilikatwa sehemu ya fedha za shirikisho. Rejista hizo, hata hivyo, zilikuwa zaidi chombo cha polisi. Kilichozifungua kwa wananchi ni kifo cha Megan Kanka, mtoto wa miaka 7 wa New Jersey aliyeuawa mwaka 1994 na jirani ambaye wazazi wa Megan hawakujua kuwa alikwisha kuhukumiwa kwa makosa ya namna hiyo. Mwaka 1996 Rais Clinton akatia saini sheria iliyoyataka majimbo yawaarifu wananchi. Kwa hiyo kuna mambo mawili hapa, kuandikisha na kutangaza, na si kila aliyeandikishwa hutangazwa.

Hatua ya kwanza. Fungua nsopw.gov, tovuti ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Ni bure na haihitaji akaunti.

Hatua ya pili. Tafuta kwa jina, au kwa anwani ya nyumba, shule au kazini.

Hatua ya tatu. Fungua pia ukurasa wa jimbo lenyewe, kwa sababu tovuti ya taifa haitunzi kumbukumbu zake bali inachota zile ambazo majimbo yameamua kuziweka wazi. Kwa Minnesota, ukurasa huo ni wa idara ya magereza ya jimbo.

Hatua ya nne: kusoma ulichokipata, au ulichokikosa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo naomba usome polepole. Katika Minnesota, mtu aliyefungwa gerezani kwa kosa linalohitaji kuandikishwa hupitiwa na kamati kabla ya kuachiliwa, nayo humpa kiwango cha 1, 2 au 3. Taarifa za mtu wa kiwango cha 1 hubaki kwa vyombo vya dola, na wanaoweza kuambiwa ni waathirika na mashahidi wa kosa lake. Kwa kiwango cha 2, polisi wanaweza kuziarifu shule, vituo vya kulelea watoto na vikundi ambavyo mtu huyo anaweza kukutana navyo. Ni kiwango cha 3 pekee ndicho kinachotangazwa kwa wakazi wote, na ndicho unachokiona kwenye ukurasa wa jimbo, pamoja na baadhi ya waliokwepa kujiandikisha. Aliyepewa kifungo cha nje bila kupitia gerezani hapangiwi kiwango chochote, ingawa jina lake lipo kwenye rejista ya polisi. Ramani tupu, basi, inakwambia jambo moja tu: hakuna mtu wa kiwango cha 3 aliyetangazwa mahali hapo. Haisemi kwamba hakuna aliyewahi kuhukumiwa, wala haiwezi kusema lolote kuhusu ambaye hajawahi kushtakiwa, na makosa mengi ya aina hii hayafiki polisi kabisa.

Tahadhari zifuatazo zinahusu hatua hiyohiyo. Kiwango hakipimi ukubwa wa kosa. Kinakadiria uwezekano wa mtu kurudia, kwa hiyo usidhani kwamba wa kiwango cha 1 alifanya jambo dogo. Jina kufanana si ushahidi. Katika jamii zetu, ambako Hassan Juma wanaweza kuwa kumi katika jiji moja, linganisha picha, umri, urefu, rangi ya macho, makovu na michoro ya mwilini kama imetajwa, na kimoja kisipolingana, usiseme neno. Angalia pia mwaka wa hukumu na maelezo ya kosa: ukurasa mara nyingi hueleza jinsia na umri wa waliodhuriwa, na kama walifahamiana na mkosaji. Maelezo hayo ni mistari miwili au mitatu tu, lakini yana faida kwa mzazi kuliko ile nukta nyekundu kwenye ramani.

Hatua ya tano. Mtu wa kiwango cha 3 akihamia eneo lenu, polisi huwaarifu wakazi, mara nyingi kwa kuitisha mkutano katika shule au ukumbi wa jiji. Nenda. Utapewa karatasi yenye picha, maelezo ya mwili, maelezo ya kosa na eneo anakoishi. Usiende ukitegemea kupiga kura ya kumfukuza, kwa sababu ameachiliwa kutoka gerezani, anaishi pale kihalali, na mkutano ni wa kutoa taarifa na kupokea maswali. Kama Kiingereza kinakusumbua, piga simu siku kadhaa kabla uombe mkalimani wa Kiswahili. Idara zinazopokea fedha za shirikisho zimekatazwa, na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kumbagua mtu kwa sababu ya taifa analotoka.

Hatua ya sita. Usisambaze picha ya skrini kwenye makundi ya WhatsApp, na usimfuate mtu huyo wala kumtisha. Kutumia taarifa za rejista kumsumbua mtu kunaweza kukufikisha wewe mahakamani, na mara nyingi wanaoumia kwanza ni mke na watoto wanaoishi naye.

Hatua ya saba ndiyo ninayoithamini kuliko zote, ingawa haihitaji kompyuta. Uchambuzi wa kumbukumbu za polisi uliotolewa na Wizara ya Sheria ya Marekani mwaka 2000 ulionyesha kuwa karibu asilimia 93 ya watoto waliodhulumiwa kingono, katika kesi zilizoripotiwa, walimfahamu aliyewadhulumu: takriban asilimia 34 walikuwa watu wa familia na asilimia 59 watu wanaofahamiana nao. Mjomba anayelala sebuleni kwa miezi mitatu, kijana anayewapeleka watoto madrasa, jirani anayejitolea kuwalea bila malipo: hao ndio wa kuwafahamu vizuri. Mfundishe mtoto majina halisi ya viungo vyake na kwamba hakuna jambo la mwili wake la kuwaficha wazazi, hata mjomba akimwambia ni siri. Mtoto akikwambia jambo, mwamini, usimhoji mara nyingi, na upige 911 ikiwa kuna hatari ya papo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Neema: Sijasoma yote, nina haraka. Mtaa wetu hauna hata mmoja. Kwa hiyo niko salama?

Jibu: Mama Neema, jibu liko katika hatua ya nne. Tafadhali isome.

Kijana wa Brooklyn Park: Nikikutumia jina la jirani yangu utaniangalizia? Ana sura ya ajabu.

Jibu: Hapana. Sura si kosa, na jina la mtu halizungushwi hapa. Tovuti ni bure na hatua zote umeandikiwa.

Mwalimu Rehema: Shukrani kwa somo. Ndugu yangu anahamia Columbus, Ohio. Je, viwango vya huko ni hivi hivi?

Jibu: Umeuliza jambo la maana, Mwalimu, kwa sababu namba ni zilezile lakini maana inatofautiana. Ohio inafuata mfumo wa sheria ya shirikisho ya rejista hizi iitwayo Adam Walsh, ya mwaka 2006, ambao unapanga madaraja kwa kosa lililotendwa, bila kamati ya kukadiria uwezekano wa kurudia. Daraja la 1 hujiandikisha kwa miaka 15 na kuhakikiwa mara moja kwa mwaka. Daraja la 2 kwa miaka 25, kila baada ya miezi 6. Daraja la 3 maisha yake yote, kila baada ya miezi 3. Kwa hiyo mtu wa daraja la 3 wa Ohio usimlinganishe na wa kiwango cha 3 wa hapa. Huko shughuli ya kuandikisha iko mikononi mwa sherifu wa kaunti, na ndugu yako aanzie kwenye ofisi hiyo.

Baba Salim: Mtu aliye kwenye rejista akisafiri kwenda Mombasa, serikali ya kule itajua?

Jibu: Inaweza kujua. Anatakiwa kutoa taarifa ya safari ya nje siku 21 kabla, na sheria ya mwaka 2016 iliruhusu serikali ya Marekani kuiarifu nchi anayoelekea. Kama kosa lake lilikuwa dhidi ya mtoto na bado anatakiwa kujiandikisha, pasipoti yake huwekewa maandishi yanayoeleza hivyo. Kumkubali au kumrudisha ni uamuzi wa nchi inayompokea. Kenya nayo, katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ilimpa Msajili wa Mahakama Kuu jukumu la kutunza rejista ya waliohukumiwa.

Zuhura: Ni kweli kwamba hukumu ya namna hii inaweza kuzuia mtu kumleta mkewe Marekani?

Jibu: Ni kweli, dada. Sheria hiyohiyo ya Adam Walsh inamzuia raia au mkazi wa kudumu aliyehukumiwa kwa makosa fulani dhidi ya mtoto asiwaombee jamaa zake, isipokuwa Wizara ya Usalama wa Ndani iridhike kwamba si hatari kwa anayeombewa. Kama jambo hili linakugusa, mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote, na una haki kamili ya kuuliza hukumu ilihusu nini.

Mama Neema: Sasa nimesoma yote. Kwa kituo cha kulelea watoto, niangalie wapi?

Jibu: Ahsante kwa kurudi, Mama Neema. Minnesota ina ukurasa wa kutafuta leseni, bure, kwa jina la kituo au jiji. Utaona kama leseni ni hai na maagizo ya marekebisho ambayo kituo kimewahi kupewa. Kisha mwulize mwenye kituo kama kila mtu mzima anayeishi au kufanya kazi pale amechunguzwa na jimbo, wakiwemo mume wake na mtoto wake mkubwa kama kituo kiko nyumbani kwake.

Baba Salim: Na yaya wa nyumbani, asiye na leseni?

Jibu: Huyo jimbo halikuchunguzii. Omba majina ya familia mbili alizozifanyia kazi, na uwapigie simu mwenyewe.