Simu ya mtoto: anza na mlango wa programu, saa zifuate

Wazazi wanaoniletea simu za watoto wao karibu wote huanza na swali moja: "Fundi, nimwekee saa ngapi kwa siku?" Mimi huomba kwanza kuiona simu yenyewe. Ina programu zipi, na nani aliziweka? Saa moja ya kuongea na bibi kwa video haifanani hata kidogo na saa moja ndani ya mchezo ambamo mtu mzima yeyote anaweza kumwandikia mtoto ujumbe. Ukihesabu dakika kabla hujajua kilichomo, unapima maji ambayo hujayaonja.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: akaunti, mlango (yaani nani anaruhusu programu kuingia kwenye simu), saa. Nitaeleza zaidi kuhusu Android kwa kutumia Family Link, programu ya bure ya Google, kisha nigusie iPhone.

Hatua ya 1: Akaunti yake mwenyewe, na umri wake wa kweli

Kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: mzazi ananunua simu, anaingiza akaunti yake ya Google ili iwake haraka, anamkabidhi mtoto. Tangu siku hiyo simu inamhesabu mtoto kuwa mtu mzima. Duka la programu linamfungulia kila kitu, na kama akaunti ina kadi ya benki, kadi nayo imo mkononi mwake. Ndugu wa kosa hilo ni mtoto kujifungulia akaunti mwenyewe na kujiongezea miaka ili akubaliwe.

Weka Family Link kwenye simu yako, kisha mfungulie mtoto akaunti kutokea humo. Simu yako inaweza kuwa Android au iPhone. Ya mtoto iwe Android. Katika nchi nyingi aliye chini ya miaka 13 hawezi kumiliki akaunti ya Google bila mzazi kuidhinisha, na tarehe ya kuzaliwa utakayoandika ndiyo itakayoongoza mambo mengi baadaye, kwa hiyo usiiongezee hata mwaka mmoja.

Kama simu ilikuwa ikitumia akaunti yako, hifadhi picha anazozipenda mahali pengine, irudishe simu kwenye hali ya kiwandani, uanze upya na akaunti yake. Wengi hukwepa hatua hii kwa uvivu, kisha wanashangaa kwa nini vizuizi havishiki.

Hatua ya 2: Mlango wa programu

Ndani ya Family Link, fungua jina la mtoto, nenda kwenye vidhibiti vya Google Play (duka la programu la Android), utafute sehemu ya idhini ya ununuzi na upakuaji. Utaona ngazi kadhaa: idhini itakiwe kwa kila kitu, kwa vinavyolipiwa tu, kwa ununuzi wa ndani ya programu tu, au isitakiwe kabisa. Chagua ya kwanza. Programu nyingi zinazowaharibia watoto muda ni za bure, kwa hiyo kuzuia zinazolipiwa peke yake hakukusaidii. Hapo hapo weka pia kikomo cha umri wa programu na michezo.

Kuanzia sasa, akibonyeza "Sakinisha", ombi linakuja kwako. Tafadhali usiidhinishe ukiwa jikoni au njiani. Tuseme ni mchezo wa mbio za magari. Fungua ukurasa wake dukani uangalie chini ya jina: kama pameandikwa kwamba una matangazo na ununuzi wa ndani ya programu, jua mtoto atasukumwa kununua gari jipya kila anaposhindwa. Shuka usome maoni ya waliotoa nyota moja. Hao ndio wanaosema kama kuna soga na watu wasiojulikana, au kama tangazo linaruka kila baada ya dakika mbili. Halafu angalia ruhusa zinazoombwa. Mchezo wa magari unataka orodha ya namba za simu ili iweje? Nikiona hivyo, nakataa, na namweleza mtoto sababu siku hiyo hiyo.

Kuna tundu moja lazima ulijue, kwa sababu lilinipita mimi mwenyewe nyumbani. Niliufuta mchezo kwenye simu ya kijana wangu jioni. Kesho yake mchana ukawa umerudi, na ombi sikuliona. Nilimgombeza nikidhani amejua nenosiri langu. Hakuwa amefanya kosa lolote la siri. Programu uliyokwisha kuidhinisha mara moja inaweza kupakuliwa tena bila kukuuliza, na masasisho yake pia hayakuulizi. Nilimwomba radhi. Tangu hapo programu nisiyoitaka siifuti, naizuia: fungua orodha ya programu zake ndani ya Family Link, gusa jina lake, chagua kuzuia. Hata akiipakua tena, haifunguki.

Tundu la pili ni mafaili ya APK, yaani mafaili ya kusakinishia programu za Android, yanayopitia kwenye kivinjari au yanayotumwa na marafiki. Idhini ya Google Play haiyagusi, kwa kuwa hayapiti dukani. Kwenye mipangilio ya kifaa chake ndani ya Family Link, zima programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Nimewahi kukuta simu ya mtoto wa darasa la nne ina programu tatu za aina hiyo, zote zikijifanya "toleo la bure" la mchezo unaolipiwa, na mojawapo ilikuwa ikisoma ujumbe mfupi wote unaoingia.

Hatua ya 3: Saa

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa walio chini ya miaka 5: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, ikipungua ni vizuri zaidi. Kwa wakubwa zaidi ya hapo, mimi huanza na usingizi. Weka kwanza muda wa kulala, simu ijifunge usiku. Hicho kikitulia kwa wiki moja, ndipo uweke kikomo cha kila siku. Siku za shule na za mapumziko unaweza kuzipa saa tofauti.

Kaa na mtoto mnapopanga. Mwonyeshe takwimu za wiki iliyopita zilivyo: programu ya video imekula kiasi gani, mchezo kiasi gani. Muulize yeye angepunguza wapi. Watoto wengi hutaja wenyewe kile kinachowamaliza, na kikomo alichokitaja yeye hagombani nacho sana. Programu hiyo moja iwekee kikomo chake peke yake, badala ya kuibana simu nzima.

Angalia mambo mawili. Kikomo cha kila siku huhesabiwa kwa kila kifaa: ukimwekea saa 2 naye ana simu na tableti, amepata saa 4. Na simu ikijifunga bado anaweza kupokea simu na kupiga namba za dharura, lakini programu nyingine zinafungwa, kwa hiyo ile ya kupigia simu, na ya masomo kama anayo, ziweke kwenye orodha ya zinazoruhusiwa wakati wote. Mtoto aliyekwama mahali asishindwe kukupigia kwa sababu dakika zimekwisha.

Kwa wenye iPhone

Unda kikundi cha Family Sharing, yaani kikundi cha familia cha Apple (kinachukua hadi watu 6), mwongeze mtoto kwa umri wake, kisha washa Ask to Buy. Inafanya kazi kama ile idhini ya Google, na tundu lake ni lile lile: alichowahi kupakua kinarudi bila ombi. Saa zinapangwa kwenye Screen Time, sehemu ya mipangilio ya iPhone iliyoingia na toleo la iOS 12 mwaka 2018. Hakikisha umewasha kitufe cha kufunga kabisa muda ukiisha. Kikiwa kimezimwa, mtoto anaona maneno ya kupuuza kikomo, anayagusa, anaendelea kama kawaida. Wazazi wengi huja wakilalamika kwamba Screen Time haifanyi kazi, na ni kitufe hicho tu.

Namba ya siri ya Screen Time ni ya tarakimu 4 na ni tofauti na ile ya kufungulia simu. Isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani, na usiibonyeze mtoto akiwa begani kwako.

Hatua ya mwisho: Jaribu mwenyewe

Usiridhike kwa kuona vitufe vimewaka. Chukua simu ya mtoto, mwenyewe akiwepo, tafuta mchezo wowote ambao hamjawahi kuuweka, bonyeza "Sakinisha". Ombi likifika kwenye simu yako, mlango umefungwa. Mchezo ukianza kushuka moja kwa moja, gusa picha ya akaunti juu ya duka la programu uone ni ya nani. Mara nyingi utakuta ni yako, imebaki tangu siku simu iliponunuliwa. Rudi hatua ya 1.