Nyama ya kusaga ya Kikorea, kwa bale benye banarudi kazini saa moja ya magaribi

Siku ya kazi unafika nyumba giza iko inaingia, umepanda mulima ya Kadutu, huku Bukavu, na miguu, batoto banakuangalia mikono kama umebeba nini, na sombe ukianza kuitwanga ile saa batalala mbele iive. Siku kama hiyo mimi napika nyama ya kusaga ya Kikorea, na muchele.

Bakorea bako na chakula inaitwa bulgogi, bul ni moto, gogi ni nyama, njo kusema nyama ya moto. Yao ni nyama ya ng'ombe ya kukata nyembamba sana, inalala kwanza ndani ya sosi ya soya, sukari, tungulu saumu na mafuta ya sezame, kisha inachomwa. Sisi tunatwala ladha ileile tunaitia kwa nyama ya kusaga, na juu imeshasagwa haiombe kulala, sosi inaingia yenyewe.

Kwa bantu bane nusu kilo inatosha. Omba ile yenye iko na mafuta kidogo, ya mwekundu tupu inakauka kama mbao. Kama kwa busheri hakuna mashini, nunua ya kawaida uikatekate na kisu paka iwe ndogondogo, inatoka hata muzuri kuliko ya mashini. Na uipike siku ileile. Nyama ikishasagwa microbe za juu zinaingia paka ndani, haikae usiku bila frigo, na kwa sahani isibakie hata kipande kimoja cha mwekundu.

Kama uko na mbabula moja tu, muchele ndio inatangulia. Mimi nachukua ya Ruzizi, ikiiva nafunika sufuria nafunga na kitambaa, inabakia moto kabisa wakati niko namaliza nyama.

Muchele ikiwa kwa moto, changanya sosi ndani ya kopo: sosi ya soya bijiko nne bya kula, sukari bijiko mbili, tungulu saumu meno nne ya kutwanga, tangawizi kipande kama kidole gumba, mafuta ya sezame kijiko kimoja, na pilipili vile batoto banaweza. Chumvi USIWEKE, soya iko na chumvi ya kutosha, bantu banaharibu hapa kila siku. Sosi ya soya inapatikana kwa alimantasyo kubwa, mafuta ya sezame ndiyo inasumbua, ukiikosa kaanga sezame kidogo kavu uitwange uimwange juu mwisho. Bakorea banatumia tena gochujang, ile pilipili nzito ya kuchachusha yenye soya ndani, ukiipata tia kijiko kimoja, ukikosa usitafute ya kuibadilisha, pilipili yetu inafanya kazi yake.

Sasa sikiliza muzuri hapa, juu ladha yote inatoka hapa. Moto iwe kali, makala yote imewaka, kikaango kiwe moto mbele ya nyama kuingia. Mafuta kidogo, weka nyama, uitandaze, kisha UACHE MUKONO. Usikoroge koroge. Itatoa maji, itachemka, utaona ni ya kijivu na utafikiri imeiva, bado, ngoja ile maji iishe yote usikie sauti inabadilika, mbele ilikuwa inatokota sasa inalia chaa chaa, na chini inashika rangi ya kahawia. Hapo ndio unageuza na kuvunja mabonge. Ukitia sosi wakati maji ingali, utakula nyama ya kuchemsha yenye sukari, na hakuna mwenye ataomba tena. Mimi nilipika vile mara nyingi mbele nielewe.

Ikishakuwa kahawia mwanga sosi, koroga dakika mbili tatu paka ishike nyama na ing'ae. Usitoke hapo hata kama simu inalia, sukari inaungua haraka na ikiungua ni uchungu, haina dawa. Toa kwa moto.

Pembeni nafanya konkombre: kata nyembamba, chumvi kidogo, dakika kumi, kamua maji, tia vinegre, pilipili na tungulu saumu kidogo. Bakorea nabo banakula konkombre ya vile, na inakata ule utamu wa nyama, bila yake mutu anachoka mbele ya kumaliza sahani. Ukiwa na yayi, kaanga moja kwa kila mutu uweke juu, kiini chake kinaenea kwa muchele, batoto bangu bananyamaza kabisa.

Majani ya tungulu unakata mwisho, unamwanga juu mbichi. Kama kuko mwenye anachelewa kurudi, ya kwake umuwekee pembeni ndani ya kikombe, ikikaa juu ya nyama ya moto inalegea na harufu inaenda.