Kigari cha tabo cha gia za mkono: kikague kikiwa baridi

Mwambie muuzaji asikiwashe mpaka ufike. Ukifika, hata salamu hazijesha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Kiache kingurume dakika tano, halafu kanyaga mafuta ghafla huku mwenzio akitazama ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inaungua, na tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, ni ya kushukiwa. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikitegemea oili hiyohiyo ya injini. Aliyekuwa akichelewesha kubadilisha oili ameiua tabo polepole. Muombe fundi avue mpira wa hewa unaotoka kwenye tabo: unyevunyevu wa oili ni kawaida, kidimbwi hapana.

Klachi ipime kwenye kilima. Gia ya nne, kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda na mwendo usiongezeke, imekwisha. Mimi niliambiwa “imebadilishwa juzi tu”, nikafika Tunguu nasukuma.

Na kama kilikuwa kikilala Nungwi au Jambiani, karibu na bahari, ingia uvunguni na bisibisi, ugongegonge kutu.