Kusafiri kwa Starehe Bila Kuyaumiza Mazingira

Anza na usafiri, kwa kuwa mara nyingi ndege ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ya safari nzima, na kiti cha daraja la kwanza, kinachochukua nafasi ya viti kadhaa vya kawaida, huzidisha mzigo huo kwa kila abiria. Panapokuwa na treni ya usiku yenye vyumba vya kulala, ichague: utalala kitandani na kuamka umefika.

Hoteli ichunguze kabla ya kulipa. Kadi ya bafuni inayokuomba utumie taulo tena si ushahidi wa kutosha (mara nyingi humpunguzia mwenye hoteli gharama za kufua tu). Uliza maji yanapashwa moto kwa nishati gani, majitaka yanaelekezwa wapi, na kama cheti chao kinafuata vigezo vya GSTC, baraza la kimataifa la utalii endelevu. Chumba chenye kuta nene, dari la juu na madirisha yanayopitisha upepo hukupa usingizi mzuri kuliko kiyoyozi kinachonguruma usiku kucha. Bwawa la faragha kwa kila chumba, kwa maoni yangu, ni anasa ya kuachwa mahali penye uhaba wa maji.