Jinsi ya kuzuia maji machafu ya gesti au mkahawa wako yasiingie baharini hapa Lamu

Hii nawaandikia wenzangu wenye gesti, mikahawa na wauza samaki, kuanzia Langoni mpaka Shela, manake sote tunaila bahari moja na maji yetu machafu yanakwenda huko huko. Ile mitaro ya vichochoroni inateremka mpaka pwani, na haibebi mvua tu, inabeba maji ya jikoni, ya kufulia na mara nyengine ya chooni. Yakifika baharini yanakuwa mbolea, mwani unastawi unafunika matumbawe, samaki wanakosa pa kukaa. Alafu chaza hula kwa kuchuja maji, kwa hivyo vijidudu vya choo vinabaki ndani yake na mgeni anamla mbichi na ndimu. Akiugua harudi tena, na wenzake hawaji.

Kwanza jua maji yako yanakwenda wapi, nyumba zetu nyingi ni za zamani na hata mwenyewe hajui paipu imepita wapi. Nunua rangi nyekundu ya keki, mimina chooni, fuatiza ndoo kadhaa za maji, kijana mmoja akae kwenye mtaro wa nje na mwengine pwani maji yakiwa yamekupwa. Rangi ikitokea basi choo kinavuja au kuna mtu alikiunganisha na mtaro zamani. Isipotokea usiseme umesalimika, rangi hufifia ikipita mchangani.

Jikoni adui ni mafuta. Sufuria ya biriani ipanguse na karatasi kabla ya kuosha, alafu tengeneza mtego wa mafuta, si kazi kubwa. Chukua pipa la plastiki lenye mfuniko, toboa karibu na juu, paipu ya kuingilia upande mmoja na ya kutokea upande wa pili, hii ya kutokea iwe chini kidogo kuliko ya kuingilia. Ya kutokea ifunge kiungio cha paipu chenye umbo la T kwa ndani, kipande kishuke mpaka kama nusu ya pipa. Mafuta yanaelea yanaganda juu, yanayotoka ni maji ya katikati. Kila wiki chota yale mafuta kwa upawa, yafunge kwenye gazeti, tupa na taka. Usipofanya hivyo yanakwenda kuziba tenki la choo na hapo ndo gharama inaanza.

Tenki lenyewe liwe na vyumba viwili, cha kwanza kichukue theluthi mbili, na maji yakae ndani si chini ya saa 24 ili uchafu utuame. Chini lisakafiwe, fundi akikwambia mchanga utanyonya mwenyewe tafuta fundi mwengine. Usimwage jiki nyingi chooni, inaua bakteria wanaoozesha uchafu.

Shimo la kunyonyea, lile linalopokea maji yanayotoka kwenye tenki, ndo watu wanakosea sana hapa kwetu. Chimba shimo la kujaribia, uliangalie siku za bamvua maji yakijaa kabisa, kitako cha shimo lako la kunyonyea kiwe juu ya maji hayo kwa mita 1.5 au zaidi. Liwe mbali na kisima mita 30, na penye jiwe la matumbawe zidisha, sababu maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa. Mkomani nyumba zimebanana hiyo mita 30 huipati, basi maji ya kisima hicho usiyanywe bila kuchemsha. Mji wa kale ni urithi wa dunia tangu 2001, kwa hivyo kabla ya kuchimba pitia kwa watu wa makumbusho na kaunti. Na nyinyi wa Shela, vile vilima vya mchanga ndo vinatuwekea maji matamu ya mji mzima, tafadhalini sana msisogeze mashimo ya choo huko.

Kujua kama tenki limejaa, funga taulo jeupe kwenye ufito mrefu, teremsha mpaka chini, subiri kidogo, toa taratibu, pale taulo lilipokuwa jeusi ndo kimo cha uchafu. Ukifika theluthi ya kina, chotesha, na ni bora mwezi wa tatu kabla ya masika. Usimruhusu mtu kuingia ndani, ile hewa inaua papo hapo. Waulize wanaochota wanakwenda kumwaga wapi, watu wa afya wanajua panaporuhusiwa, lakini mikokoni hapana kabisa, na kanuni za serikali za ubora wa maji zinakukamata wewe pia.

Matumbo ya samaki yafukie au wape wenye kuku.

Mvua zikishaanza peleka maji ya kisima yakapimwe, chupa iwe imechemshwa, iwekwe kwenye barafu na ifike siku hiyo hiyo. Ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. coli, vile vijidudu vya kinyesi, hata mmoja kwenye mililita 100, wakionekana rudi kwenye ile rangi ya keki, na mara hii muite na jirani mpime vyoo vyote viwili.